Mara Tatu kwa Monagri

Kwa Monagri hakuna aliyeruhusiwa kutoa maoni juu ya santuri kabla ya kuisikia mara tatu. Kukohoa kuliruhusiwa. Kusinzia pia, mradi usikorome. Lakini ukisema tu "hii tamu" baada ya mara ya kwanza, aliinua mkono wake mpana, ule aliozoea kuwasimamishia watu shambani, akakuambia: "Ungoje. Mara ya kwanza unajisikiaka we mwenyewe. Ya pili unasikiaka bale bantu banapiga. Ya tatu njo unasikia wimbo."

Methali ya haraka na baraka hakuitumia hata siku moja. Sisi watu wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ilikwisha kutuchosha. Kila mgeni akishuka kwenye lori anatutania nayo, na kila mmoja anadhani ameitunga yeye njiani.

Tulimwita Monagri kwa sababu ya kazi yake, kifupi cha moniteur agricole ya Kifaransa. Alikuwa msimamizi wa kilimo wa serikali, mtu wa kupita vijijini na kamba begani na kuwaambia watu wapande pamba na mihogo kwa mistari. Jina lake alilibadilisha, kama sisi sote tulipoamriwa kuyaacha majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu, na kuitana sitwayen, yaani raia, na nadhani lile jipya hata yeye alilisahau. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mdogo kwake kwa miaka kumi na kitu. Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea vibaya, kisha nikaishi miaka kumi na moja bila kujua kama anajua kwamba ni mimi. Hofu ile ilikula nami na kulala nami.

Lakini nianze na mazuri yake, maana ndiyo mengi.

Gramafoni yake ilikuwa ya betri, ndogo, yenye mfuniko uliokuwa spika pia. Aliachiwa na fundi mmoja Mzungu wa nchi za kaskazini kabisa, aliyekuja kutengeneza jenereta na mashua za misheni. Yule fundi hakuwa mtu wa kuhubiri. Siku za Jumapili alikaa barazani akisikiliza jazi, na Monagri, aliyekuja kuazima spana, alikaa naye. Fundi alipoondoka alimwachia gramafoni na santuri saba, na baada ya hapo kila mwaka alimtumia nyingine moja au mbili ndani ya vifurushi vya misheni, mpya mpya, zimetoka kiwandani mwaka uleule. Ndani ya jalada aliweka kikaratasi cha Kifaransa kueleza hii ni nini na ile ni nini.

Neno jazi lenyewe lilituletea matatizo. Kwetu jazi ni bendi, na bendi ni gitaa na watu kusimama wacheze. Habari ilipoenea kwamba Monagri ana jazi nyumbani, Jumapili ya kwanza walikuja watu wengi, wanaume wamepaka viatu rangi. Wakasikia piano peke yake na lile zeze kubwa la kusimama likiguna chini, polepole, likinyamaza, likirudi. Wakatazamana. Mmoja akauliza wapigaji wengine watafika saa ngapi. Jumapili ya pili tulibaki wanne.

Wa kwanza Monagri mwenyewe. Wa pili Shemasi, fundi seremala wa Kibembe, mzee wa kanisa la Kiprotestanti, ambaye ndiye aliyetutengenezea majeneza sisi sote, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Wa tatu Enfirmie, muuguzi wa zahanati. Wa nne mimi, Mkatoliki, mtu wa maneno mengi. Tulikutana Jumapili saa nane mchana, Waprotestanti wakishatoka ibadani, maana ibada zao hazina haraka.

Santuri zile zilikuwa za namna moja. Wale Wazungu wa kaskazini walikuwa wamechukua nyimbo za bibi zao vijijini, za kuita ng'ombe, za kupiga makasia, za harusi, wakazipiga kijazi, kwa piano au saksafoni, mara nyingine kwa fidla. Tulibishana juu yake kwa miaka. Mimi nilitaka ngoma. Nilisema jazi bila ngoma ni bugali bila mboga, na kwamba hao watu walikuwa wamekwisha kupata jazi nzuri kutoka kwa weusi wa Amerika, sasa wanaitia maji baridi ya kwao. Monagri alinijibu kwamba mtu akikopa jembe la jirani hapandi mbegu za jirani. Enfirmie hakubishana. Alishika kifundo cha mkono wake mwenyewe akahesabu mapigo, kisha akatangaza kama santuri inapandisha au inashusha. Na Shemasi, kila santuri aliyoisikia, alisema ni wimbo wa kitabu chao cha kanisa. Hii iko namba fulani. Hii iko ya Krismasi. Hii iko ya kukusanya sadaka. Mwanzoni tulimsikiliza, baadaye tuliona ni tabia yake tu, kama ya mtu anayemwona binamu yake katika kila soko.

Siku moja alipita mzee mmoja wa ng'ombe, wale wanaosema Kinyarwanda, aliyeshuka kutoka milimani kuuza siagi. Alisikia saksafoni kutoka barabarani, akaingia na kibuyu chake, akakaa bila kukaribishwa. Monagri akaweka santuri mara tatu kamili kwa ajili yake. Mwisho mzee akasema yule mtu wa saksafoni anaita ng'ombe jioni, na kwamba mmoja hajarudi. Tulipotazama kikaratasi cha yule fundi, kiliandika kwamba ule ni wito wa wanawake wa huko wa kukusanya ng'ombe malishoni. Monagri alifurahi wiki nzima. Aliwahadithia hata watu wa pamba, ambao hawakuwa wameuliza.

Maneno ya yule mzee aliyaandika. Hilo lilikuwa desturi yake ya pili. Baada ya mara ya tatu, kila mtu aliandika maoni yake kwa penseli nyuma ya jalada, maneno machache, na asiyejua kuandika aliandikiwa. Mwenye nyumba aliandika wa mwisho, baada ya wageni wote. Alisema mwenye chungu hapakui wa kwanza.

Lakini kwa chungu halisi alikuwa kinyume kabisa. Mtu huyu aliyetufundisha subira hakuweza kungoja maharage yaive. Mkewe akishayaweka jikoni, yeye alikwenda na kijiko kila dakika, akaonja, akasema yako tayari, nasi tukala maharage yanayolia mdomoni. Mama huyo alikwisha kukata tamaa. Aliniambia kwamba tangu aolewe hajawahi kula haragwe laini ila siku mumewe yuko safarini.

Na kinyume chake hakikuishia hapo. Aliwafokea watu kwa mstari uliopinda, na bustani yake mwenyewe ilikuwa mboga, maua, muwa na magugu vimekaa pamoja kama familia. Alidai ukweli mtupu juu ya santuri, hata ukweli wa kumuumiza, lakini katika ripoti zake za serikali yalikuwamo mashamba ya pamba ambayo hakuna jicho lililowahi kuyaona. Nilipomuuliza alisema ripoti haisikilizwi hata mara moja, sembuse tatu. Na yeye aliyependa muziki kuliko sisi sote hakuweza kuimba. Sauti yake ilipita pembeni ya kila wimbo bila kuugusa. Kwenye animasio, zile nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi ambazo sote tulilazimika kuzicheza mbele ya bendera, alifungua mdomo tu bila kutoa sauti, na nadhani hiyo iliwasaidia Kiongozi na sisi pia.

Animasio ile ndiyo iliyotuletea balaa, na mwenye kuiongoza pale Baraka nilikuwa mimi.

Walimu ndio waliopewa kazi hiyo. Nilitunga maneno, nikafundisha akina mama wa soko na wanafunzi, nikawapanga kwa vitenge vyenye uso wa Kiongozi. Maneno sikuyakosa, maana yalikuwa yaleyale. Tuni ndizo zilizonipa shida. Tulikuwa tukiiga za Bukavu, na Komisere, mkuu wa serikali aliyekaa Fizi wakati ule, mtu wa mkoa wa mbali, asiyejua Swahili sana, alikwisha kutulalamikia kwamba Baraka inaimba makombo ya wengine. Alitangaza kwamba sikukuu ya chama inayokuja anashuka kutoka Fizi mwenyewe, na anataka kusikia kitu kipya. Nilikuwa na wiki mbili.

Jumapili ya katikati Monagri alikuwa amepokea santuri mpya, yenye jalada la kijivu. Betri zilikuwa zimechoka. Betri hazikupatikana ovyo. Tulizianika juani juu ya bati pamoja na ndagala ili zipate nguvu kidogo, na hata hivyo siku ile gramafoni ilijikokota. Wimbo wa tatu wa upande wa kwanza ulikuwa wa piano na zeze kubwa. Ulitoka polepole, mzito, mzuri ajabu. Mara ya kwanza nilisahau hata ngoma. Mara ya pili nilimwona Shemasi akijipindapinda kitini, akifungua mdomo. Monagri akainua mkono. "Ungoje, Shemasi. Ya tatu haiyafika." Shemasi akafunga mdomo. Kabla ya mara ya tatu betri zikafa kabisa, na kwa kuwa hakuna aliyesikia mara tatu, hakuna aliyesema neno. Tuliagana hivyo, kwa ahadi ya Jumapili nyingine.

Mimi niliondoka na ule wimbo kichwani, na kabla sijafika kwangu nilikwisha kuuvalisha maneno ya kumsifu Kiongozi.

Sikumuuliza mtu. Nilimfundisha kwa siri mama mmoja wa soko, Mkatoliki kama mimi, mwenye sauti ya kuvuka maji, aanze peke yake, polepole kama nilivyosikia, ndipo ngoma ziingie baadaye. Nilijiona nimeshinda Bukavu. Sikukuu ilikuwa Jumamosi, kabla ya ile Jumapili tuliyoahidiana.

Uwanja ulijaa. Komisere alikaa kivulini mwa turubai na picha kubwa ya Kiongozi nyuma yake. Yule mama akaanza. Alikuwa hajamaliza mstari wa pili nilipoona nyuma ya watu Shemasi anasimama, anavua kofia. Kisha mzee wa pembeni yake. Kisha safu nzima, halafu Waprotestanti wote wa uwanja, wanaume kofia mkononi, vichwa chini. Akina mama wakaweka mikono kichwani. Bibi mmoja aliyekuwa amemzika mwanawe mwezi uleule akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakamsaidia.

Komisere mwanzoni alitabasamu. Alidhani wameguswa na sifa za Kiongozi, akasimama naye. Ndipo kijana mmoja wa chama akamwinamia sikioni, na nikaona tabasamu linaondoka. Ule ulikuwa wimbo wao wa mazishi. Ndio wanaouimba jeneza linapoinuliwa kutoka ndani ya nyumba, na ukianza, asiyesimama ni adui wa marehemu. Mimi Mkatoliki, nisiyehudhuria mazishi yao, sikuujua. Nilikuwa nimemwimbia Kiongozi, mbele ya picha yake, wimbo wa kutolewa ndani.

Niliitwa palepale. Komisere aliniuliza wimbo umetoka wapi. Siku nyingine zote ningejigamba kwamba nimetunga mwenyewe. Siku ile nikasema, "Iko ya Monagri, Sitwayen Komisere." Sikusema nimeusikia kwake. Nilisema ni wake. Mdomo huponza kichwa, na safari ile wangu uliponza cha mwenzangu.

Walimchukua saa ileile, bila viatu, wakampandisha Fizi. Nyakati zile hilo halikuwa jambo dogo. Milimani kulikuwa na watu wa msituni wanaopigana na serikali, na mtu aliyeingia kasho, yaani mahabusu, huku akijulikana kwa kupokea mashine na vifurushi kutoka ng'ambo, aliweza kupelekwa Uvira, na kutoka Uvira mbele zaidi, na mkewe akabaki akiulizauliza malorini. Enfirmie aliagizwa apeleke gramafoni na ile santuri kama ushahidi. Mimi nilirudi nyumbani, nikamwambia mke wangu naumwa. Sikusema uongo.

Yaliyotokea kule nilihadithiwa na Enfirmie.

Monagri alilala kasho siku mbili. Asubuhi ya tatu aliletwa ofisini. Komisere alikuwa na karatasi mbili mezani. Moja ilisema anaeneza muziki wa kigeni kinyume cha siasa ya kurudi kwenye asili yetu. Nyingine ilisema anafundisha raia kumlilia Kiongozi aliye hai. Komisere akamwambia achague: wimbo huu ni wa Wazungu, au ni wa maiti? Enfirmie anasema yeye mwenyewe alitafuta ukuta wa kuegemea. Monagri akajibu kwa heshima zote kwamba hawezi kusema kitu, kwa sababu wimbo huo ameusikia mara mbili tu.

Askari mmoja alisogea. Komisere akamzuia. Aliuliza kama ni mzaha, na Enfirmie akajikuta anaeleza desturi yote, mara tatu, penseli, jalada. Komisere aliitazama gramafoni kwa muda. Kisha akaagiza betri zitolewe kwenye redio ya ofisi, mpya kabisa.

Na hapo ndipo roho yangu hutulia kila nikikumbuka. Kwa betri zile mpya santuri ilizunguka kwa mwendo wake halali, kwa mara ya kwanza tangu ifike. Wimbo ukatoka mbio, unaruka, piano inacheka na zeze kubwa linapiga hatua. Enfirmie anasema alishika kifundo chake na mapigo yalikuwa yanapanda. Komisere akataka mara ya pili. Akataka ya tatu. Mguu wake ulikuwa umeanza chini ya meza bila yeye kujua.

Ndipo Monagri akasema. Alitoa kikaratasi cha yule fundi ndani ya jalada, akamwekea mezani. "Sitwayen Komisere, kule kwabo hii iko wimbo ya kupeleka bibi-arusi ku kanisa. Bamisheni njo baliuchukua, bakautia maneno ya mazishi. Na shiye kule Baraka tuliusikia polepole juu betri yetu ilikuwa inakufa. Muntu hakuna aliyeombewa kifo. Ni betri tu."

Enfirmie anaapa kwamba Komisere alicheka mpaka akavua miwani. Alihitaji kitu cha kuwaandikia wakubwa wake, na sasa alikipata. Aliandika kwamba Baraka ilimwimbia Kiongozi wimbo wa harusi. Akamwachilia. Santuri ya jalada la kijivu aliizuia, kwa ajili ya uchunguzi.

Lori lilipowashusha Baraka nilikuwa darasani. Nilimwona kupitia dirishani, amekaa juu ya magunia ya mihogo, mguu peku, anamwonyesha dereva mstari uliopinda kwenye shamba la mtu. Nilishusha pumzi niliyoizuia siku tatu, machozi yakanitoka mbele ya wanafunzi. Lakini sikutoka kumlaki. Nilijificha nyuma ya ubao kama mtoto aliyevunja chungu.

Jumapili iliyofuata kurudi kwake sikwenda, wala ya pili yake. Sababu zangu zilikuwa nyingi, mara salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, mara homa. Monagri hakunitumia ujumbe, nami nikachukua ukimya wake kuwa hasira. Mwisho niliomba kuhamishwa, nikapelekwa Kazimia, nikakaa huko na samaki na aibu yangu. Nikisikia lori linatoka Baraka, nilitafuta kazi ya kufanya ndani ya nyumba.

Miaka kumi na moja ilipita. Binti yangu mkubwa alikuwa ameolewa Nundu, na uzazi wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Tulisafiri mimi na mke wangu, mashua hadi Baraka, lori hadi Nundu, na tulipofika tulimkuta hospitali na mtoto wa kiume kifuani, wote wazima. Nilitoka nje ili nisilie mbele ya wakwe. Nyuma ya wodi kulikuwa na bustani, na katikati ya bustani mzee mmoja amewapanga wasindikizaji wa wagonjwa, anawafundisha kupanda kabeji kwa kamba. Anawafokea, nao wanacheka.

Nilitaka kugeuka. Yeye aliniona kabla. Hakushangaa hata kidogo. Alinitupia ncha moja ya kamba.

"Mwalimu. Ivute kule. Imepinda."

Nikaivuta. Tulipanda kabeji mpaka jua likaanza kushuka, kisha akanichukua kwake, alikohamia akishastaafu, mwendo wa dakika chache, nyumba ya wastaafu wasio na chochote, yenye bustani ya magugu mbele. Mkewe alinipokea kwa kilio cha furaha, akaweka maharage jikoni. Mimi nilisimama mlangoni. Wanasema mficha uchi hazai, na nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamwambia, kabla sijakaa, kwamba siku ile uwanjani ni mimi niliyemtaja.

"Mi najua," alisema. "Jina yako njo balinisomea kwanza, usiku ule ku kasho."

Nikamuuliza kwa nini basi hakumtuma hata mtu aje anitukane. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea. Alisema kule kasho siku mbili hakuwaza jina langu. Aliwaza mkono wake mwenyewe. Shemasi alitaka kusema siku ile, alitaka kutuambia wimbo ule ni wa nini, na yeye ndiye aliyemzuia kwa ajili ya sheria yake ya mara tatu.

"Ningemuacha aseme, hungeuimba. We karibu ufe kwa mukono yangu. Ulipoacha kuya, nilifikiri unanikasirikia. Nikaona haya."

Tulitazamana, wazee wawili, kila mmoja amemkimbia mwenziwe miaka kumi na moja kwa kosa la kwake mwenyewe. Nilicheka kwanza mimi. Mkewe alichungulia kutoka jikoni kuona kuna nini, akatukuta tunafuta macho.

Alikwenda chumbani akarudi na jalada la kijivu. Komisere alipohamishwa alimrudishia kwa dereva wa lori, na wenzetu wakaisikia mara tatu. Monagri akaligeuza upande wa nyuma. Shemasi ameandika: Iko ya kwetu. Banakimbiza. Maiti ingeanguka. Enfirmie: Inapandisha. Mzee wa ng'ombe, kwa mwandiko wa Monagri: Huyu anaenda kwa watu, haogopi. Na juu yao wote, kwa Kifaransa cha ofisi, Komisere ameandika kwamba ameusikia zaidi ya mara tatu na kwamba uchunguzi unaendelea.

Niliuliza maoni yake yako wapi. Akanitazama kama mwanafunzi mgumu. Mwenye nyumba anaandika wa mwisho, alisema, na mgeni mmoja alikuwa hajarudi. Miaka yote hiyo alikuwa hajasema kitu juu ya santuri ile, hata kwa mkewe.

Betri zilikuwa nzuri. Akaiweka. Nilikaa mikono magotini nikausikia mara ya tatu, kwa mwendo wake, bibi-arusi anakwenda kanisani na watu wake, hana habari na sisi. Ulipokwisha akanipa penseli. Niliandika: Nilidhani ni ya polepole.

Alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akachukua penseli, akailamba ncha, akainamia jalada muda mrefu, nami nikangoja, maana ni yeye aliyetufundisha kungoja. Aliponigeuzia, palikuwa na maneno mawili: Ni nzuri.

Kisha akauliza jikoni kama maharage yameiva. Mkewe akasema bado kabisa. Akasema yako tayari, tukayala.